Bunge la Bajeti: tunakodolea macho siku moja ya Juni wakati malengo ya uchumi yanapangwa Novemba na hela inaamuliwa baada ya hapo

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni tulijadili hili kwa utulivu, uzi ni mrefu ila mwenye nia ya kujua hela yetu inatembeaje naamini hatachoka.

Kila mwaka ikifika katikati ya Juni mtaani ni hotuba ya bajeti tu. Alhamisi ile Kenya wanasoma, Uganda wanasoma, sisi tunasoma Dodoma, watu wamekaa na simu wanasubiri kusikia bia imepanda ngapi, soda, mafuta ya kula, ada za bodaboda, kodi ya mishahara imeguswa au haijaguswa. Kesho yake magazeti yote kichwa ni kimoja, trilioni kadhaa. 2021/22 ilikuwa 36.3, 2022/23 ikawa 41.48, 2023/24 ikaja 44.39, 2024/25 tukafika 49.35, 2025/26 ni 56.49. Inapanda tu. Halafu siku chache mbele wabunge wanaitwa majina mmoja mmoja, ndiyo, ndiyo, ndiyo, bajeti imepita, tunarudi kwenye mishe zetu mpaka Juni nyingine.

Hoja yangu ni kwamba siku ile tunayoisubiri kwa hamu ndiyo siku ambayo mambo karibu yote yameshaisha. Na zile siku ambazo sauti ya mwananchi ingeweza kubadilisha kitu, hakuna anayeangalia.

Tuanze na mzunguko wenyewe manake naona watu wengi wanauchanganya.

Bunge letu linakutana mara nne kwa mwaka, Januari/Februari, halafu ule mkutano mrefu wa Aprili mpaka mwisho wa Juni, halafu Agosti/Septemba, halafu Novemba. Sasa huu wa Novemba ndio naoupigia kelele. Hapo Bunge linakaa kama Kamati ya Mipango na Serikali inaleta Mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa Taifa wa mwaka unaofuata pamoja na mwongozo wa kuandaa bajeti. Katiba yenyewe ibara ya 63(3)(c) ndiyo inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuidhinisha mpango wowote wa muda mrefu au mfupi. Ndipo vipaumbele vinapotajwa, uchumi utakua kwa asilimia ngapi, mfumuko wa bei uwe wapi, makusanyo yafike wapi, miradi gani ya kimkakati ipewe hela kwanza. Mbunge akisimama Novemba akasema umwagiliaji haumo humu, bado kuna miezi karibu nane ya kurekebisha. Akisema maneno yaleyale Juni anajifurahisha tu, vitabu vimeshachapwa.

Ikifika Machi, Serikali inakutana na wabunge wote inawaambia ukomo wa bajeti, yaani kila wizara isivuke hapa. Kamati za kisekta zinakaa na wizara zao, zinakagua miradi, zinapitia makadirio. Aprili mkutano unaanza na Ofisi ya Waziri Mkuu, zinafuata wizara moja moja, kila moja na siku yake au siku mbili, jioni Bunge zima linageuka Kamati ya Matumizi na mafungu yanapitishwa. Zikiisha wizara zote ndipo inakuja ile hotuba ya Juni. Ukiangalia vizuri, jipya kubwa siku ile ni hatua za kodi, zile zinazoingia kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha. Matumizi ya wizara unakuta yalishapita tangu Mei.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya 2013 bajeti ilikuwa inasomwa Juni na wizara zinajadiliwa mpaka Agosti, mwaka wa fedha umeshaanza tarehe 1 Julai huku Bunge bado linabishana. Wakabadilisha ili kila kitu kiishe kabla ya Juni 30, ikaundwa pia Kamati ya Bajeti, 2015 ikatungwa Sheria ya Bajeti. Mabadiliko mazuri kabisa, nayaunga mkono. Ila sisi wananchi tumebaki na mazoea ya zamani, tunangoja Juni.

Nakaribisha michango, najua humu kuna watu waliofanya kazi halmashauri, kuna wakandarasi, kuna walimu, semeni mnachokiona.

#2

Mkuu uzi mzuri sana. Swali langu ni moja tu, hata wakianza Novemba, kuna faida gani kama mbunge anasimama sentensi ya kwanza "naunga mkono hoja mia kwa mia" halafu ndo anaanza kulalamika barabara ya jimboni kwake mbovu? Umeshaunga mkono, unalalamika nini tena. Kwa nini hawa watu hawakatai hata siku moja?

#3 (mleta uzi)

Ndugu yangu #2 swali lako ndilo lenyewe, nalijibu kwa Katiba.

Ibara ya 90(2). Inasema Rais hawezi kulivunja Bunge hivihivi, isipokuwa kwenye hali chache zilizotajwa, na mojawapo ni Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mbunge. Umekopa benki, umetoka kwenye kampeni juzijuzi, kura ya hapana maana yake inaweza kuwa kwamba na wewe unarudi jimboni kuomba kura upya. Nani atapiga hapana? Halafu wengi wao ni wa chama kilekile chenye Serikali, kuna msimamo wa chama, kuna kamati ya chama. Hivyo kura ile ya Juni jibu lake linajulikana hata kabla Katibu hajaita jina la kwanza.

Halafu kuna ibara ya 99. Hiyo inasema mambo ya fedha Bunge haliyagusi mpaka yawe yamependekezwa na Rais na kuletwa na Waziri. Kodi mbunge anaweza kupendekeza ipunguzwe, kuongeza hawezi. Kuchota hela Mfuko Mkuu wa Serikali kupeleka mahali pengine hawezi kwa kauli yake mwenyewe. Watu wanamlaumu mbunge "kwa nini hukutuletea hela ya daraja", wakati kalamu ya kuandika hela ya daraja hana, ana sauti ya kumsukuma mwenye kalamu. Ndo maana narudia, sauti hiyo itumike mapema.

Silaha aliyonayo kwenye Kamati ya Matumizi ni kushika shilingi. Anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Ikitumiwa na mtu aliyejiandaa inauma kweli, manake Waziri analazimika kusema kitu kinachoingia kwenye kumbukumbu za Bunge, Hansard, na kauli hiyo unaweza kumrudishia mwaka unaofuata. Tatizo wengi wanashika shilingi, Waziri anasema "nimelichukua", shilingi inarudishwa, basi.

#4

Vijana nawasalimu. Nimesoma yote. Nataka kuongezea kidogo kwa sababu mnaongea kama vile Bunge halijawahi kugoma, lilishagoma, ila si kwenye bajeti kuu.

Julai 2011 bajeti ya Nishati na Madini ilikwama. Nchi ilikuwa gizani na mgao wa umeme, wabunge wana hasira, halafu ikaibuka ile barua ya Katibu Mkuu wa wizara kuzitaka taasisi zilizo chini yake zichangie fedha kufanikisha bajeti kupita. Marehemu Beatrice Shellukindo ndiye aliyeiweka wazi bungeni. Waziri Mkuu Pinda akaomba hoja iondolewe, wakaenda kujipanga upya, ikarudi baadaye.

Na 2013, Wizara ya Maji. Wabunge wa pande zote, si wapinzani peke yao, walisema hela hii ya maji haitoshi hatupitishi. Spika Makinda akaipeleka Kamati ya Bajeti wakae na Serikali, iliporudi ilikuwa na mabilioni yameongezwa. Hiyo niliifuatilia redioni mwanzo mwisho. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi, nguvu iko kwenye wizara moja moja, huko ibara ya 90 haimtishi mtu, na jambo lenyewe likiwa la maji au umeme hata mbunge wa chama tawala anakuwa na ujasiri kwa sababu akirudi nyumbani anaulizwa na mama zake.

#5 (mleta uzi)

Mzee wangu #4 shikamoo, na asante sana kwa hiyo kumbukumbu ya 2013, hiyo ndiyo naitaka ijulikane kwa vijana. Wakati ule pia ilikuwa laivu TBC mtu anaangalia hata kibandani kwa kinyozi. Tangu Januari 2016 matangazo laivu ya siku nzima yalipoondolewa, mpaka leo watu wengi wanapata vipande vya dakika mbili mbunge akiwa anachekesha. Bunge linaonyesha mtandaoni sa hivi, lakini bando la kuangalia kikao cha masaa matano nani analo.

#6

Mimi naomba mnisaidie kwenye malengo yenyewe. Kila mwaka tunaambiwa uchumi unakua asilimia tano, sita. Mimi ni mkulima wa mahindi na alizeti, kwangu sioni. Wanadanganya au mimi ndo sielewi?

#7 (mleta uzi)

Mkuu #6 hawadanganyi na wewe unaelewa vizuri kabisa, ngoja nikueleze.

Malengo ya jumla ambayo Serikali huwa inayaweka ni kama matano hivi na hayabadiliki sana. Ukuaji wa pato la taifa, mfumuko wa bei ubaki kati ya asilimia 3 na 5, mapato ya ndani yafike asilimia fulani ya pato la taifa, nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanavyozidi mapato, isizidi asilimia 3 ya pato hilo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi isiyopungua minne. Kwa ukuaji, 2023 tulikuwa 5.1, lengo la 2024 likawekwa 5.4, tukafika 5.5, lengo la 2025 likawa 6.0. Kwa hiyo kwenye karatasi wanafikia kweli, na mfumuko wa bei nao wameushika vizuri, nchi nyingi zimetamani hilo miaka hii.

Sasa njoo kwenye shamba lako. Kilimo kinakua kwa kama asilimia 4 tu, kiko chini ya wastani wa taifa, wakati ndicho kinachobeba Watanzania wengi kuliko kazi nyingine yoyote. Mchango wake kwenye pato la taifa ni kama robo. Yaani watu wengi zaidi wanagawana robo moja ya keki ambayo inakua polepole, na watu wachache walioko benki, migodini, mawasiliano, wanagawana vipande vinavyokua haraka. Ukichukua wastani unapata 5.5. Kwa hiyo ukiona 6 ukumbuke hiyo sita haijaja kijijini kwako, imeishia mahali pengine.

Na hapa ndipo lengo la Serikali linatakiwa liulizwe Novemba. Badala ya kuuliza uchumi utakua kwa asilimia ngapi, mbunge aulize kilimo kitakua kwa asilimia ngapi na kwa hela gani. Nikiri jambo moja zuri, bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka bilioni 294 mwaka 2021/22 ikafika trilioni 1.2 na ushee mwaka 2024/25, na ruzuku ya mbolea ilianza 2022/23, hayo ni mageuzi ya kweli na Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wakati ule, alipambana. Lakini weka 1.2 juu ya 49.35, ni kama asilimia mbili na nusu. Mwaka 2003 pale Maputo viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 kwa kilimo. Hata ukiongeza mifugo na uvuvi hufiki huko.

#8

Mimi ni mkandarasi mdogo, naomba niseme lililonikuta bila kutaja jina la taasisi wala mkoa. Mlio juu mnajadili bajeti ilivyopitishwa, mimi nataka niwaambie kupitishwa si kutolewa.

Nilipata kazi ya mradi wa maji vijijini, tenki la kujenga juu na mtandao wa mabomba, mradi uko kwenye bajeti kabisa, fungu lipo, umepitishwa Dodoma, kila kitu. Nikaenda saiti, malipo ya awali nikapata, nikachimba mitaro, nikalaza bomba, nikamwaga zege la msingi wa tenki. Nikapeleka setifiketi ya kwanza, yaani hati ya kudai malipo ya kazi iliyofanyika. Mhandisi akasaini, ikaenda makao makuu, ikakaa. Kila nikiuliza naambiwa fedha haijatoka Hazina, subiri robo ijayo. Robo ijayo ikafika, imetoka kidogo, wamelipwa wenye madeni ya mwaka juzi. Vibarua wangu ni watu wa kijiji kilekile, wananiona mimi ndo tapeli. Duka la vifaa nalo linanidai. Mwisho mwaka wa fedha ukaisha Juni 30, hela ambayo haikutoka ndo basi tena, mradi ukaingizwa upya kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, kwa hiyo ukisoma vitabu utaona mradi umetengewa hela mara mbili na wanakijiji wakisikia wanajua tumekula. Mitaro mvua imeshafukia.

Huo ndo ukweli wa huku chini wakuu.

#9 (mleta uzi)

Mkuu #8 pole sana, na nashukuru kwa sababu umenifikisha pale nilipokuwa nataka kufika.

Bajeti ni ruhusa ya kutumia, hela ni kitu kingine. Bunge linapitisha makadirio, baada ya hapo mgao unategemea mamlaka ya mapato (TRA) imekusanya nini mwezi huo, wahisani wametoa au hawajatoa, mkopo wa nje umesainiwa au bado mazungumzo, na Hazina inaanza na vitu ambavyo haviwezi kusubiri. Deni la Serikali lazima lilipwe. Mishahara lazima. Kinachobaki ndo kinagawanywa kwa miradi, na hapo miradi mikubwa ya kitaifa inatangulia. Tenki la maji la kijiji liko mwisho wa foleni.

Halafu serikali inapochelewa kumlipa mkandarasi mkataba unasema kuna riba. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeandika hili mwaka baada ya mwaka, mabilioni yanalipwa kama riba ya kuchelewesha malipo. Hela hiyo haikujenga hata mita moja ya bomba.

Sasa angalieni. Wizara inakuja bungeni Mei, wabunge wanaipitishia, mfano, bilioni mia mbili za maendeleo. Kwenye taarifa ya kamati ya kisekta, na hii nawaomba mzisome, huwa kuna kipengele kinaeleza mpaka kufikia Machi au Aprili wizara ilikuwa imepokea kiasi gani cha fedha za mwaka unaoisha. Mara nyingi ndicho kipengele kizito kuliko hotuba nzima ya Waziri. Unakuta kuna mradi umepokea asilimia tisini, mwingine thelathini, mwingine sifuri kabisa zimebaki miezi miwili mwaka uishe. Mwenyekiti wa kamati anasoma, kengele inagonga, mjadala unahamia kwenye pongezi.

Ninachokitaka mimi ni hiki. Mkutano wa Februari, mwaka wa fedha ukiwa umefika zaidi ya nusu, Bunge litenge siku nzima ya kila sekta kujadili jambo moja tu, fedha zilizotoka dhidi ya zilizopitishwa, fungu kwa fungu, na Waziri wa Fedha awepo ajibu mwenyewe. Si taarifa ya kurasa mia ya utekelezaji, hapana, jedwali. Taarifa za kamati za kudumu tayari zinajadiliwa kipindi hicho, kwa hiyo nafasi ipo, haihitaji kubadilisha Katiba. Februari bado kuna miezi minne, mradi uliosahaulika unaweza kuokolewa.

#10

Wanajamvi habari, mimi niko Nairobi, nimekuwa nikisoma hii thread kimyakimya. Huku kwetu pia tulikuwa hivyo, siku ya bajeti tunaangalia Waziri na ile briefcase yake basi. 2024 ndio watu waliamka. Ile Finance Bill ilikuwa na VAT kwa mkate, ushuru wa magari kila mwaka, eco levy yaani ushuru wa mazingira, vijana wakaisoma kipengele kwa kipengele, wakaitafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani wakasambaza kwa simu. Tarehe 25 Juni Bunge likapitisha, watu wakaingia hadi ndani ya Bunge, na vijana wetu wakauawa siku hiyo. Kesho yake Rais akasema hatii sahihi.

Lakini nataka kuwaambia kitu. Kufikia Juni ilikuwa imechelewa, damu ilimwagika kwa jambo ambalo lingezungumzwa mapema. Kwetu sheria inataka Budget Policy Statement iwe bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, na katiba ya 2010 inalazimisha umma ushirikishwe. Karatasi ya Februari ndiyo inaonyesha serikali inataka kukusanya kiasi gani zaidi. Nani alikuwa anaisoma? Wachache sana. Kwa hivyo huyu mwenye thread anasema ukweli, someni mapema.

#11 (mleta uzi)

Ndugu yetu wa Nairobi karibu sana, na poleni kwa vijana wale, tulikuwa tunaangalia kutoka huku na roho zilituuma.

Sisi tulikuwa na yetu ya tozo ya miamala, mtakumbuka. Hotuba ya Juni 2021, Sheria ya Fedha ikapita, Julai 15 makato yakaanza kwenye kutuma na kutoa hela kwa simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Mama anatumiwa hela ya dawa anakatwa. Kelele zikapigwa baada ya sheria kupita, Septemba wakapunguza asilimia 30, 2022 wakapunguza tena, 2023/24 wakafuta ya kutuma. Miaka miwili nzima ya kurekebisha kitu ambacho kingezuiwa kwenye wiki zile mbili ambazo Kamati ya Bajeti inapokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha. Na wadau wanaofika pale Dodoma ni wenye viwanda, mabenki, makampuni ya simu, wana wanasheria na wahasibu. Mmachinga na wakala wa miamala hawana mtu pale. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamegoma Mei 2023, wamegoma tena Juni 2024, duka limefungwa ndo Serikali inakuja kuwasikiliza.

#12

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi kwa heshima. Mnaongea kana kwamba hakuna kinachofanyika. Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, mgao wa umeme uliokuwa unatutesa umepungua sana. Reli ya kisasa, SGR, Dar mpaka Dodoma inabeba watu tangu 2024. Kima cha chini serikalini kimetoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025. Hayo yote yalipangwa kwenye mipango hiyohiyo mnayosema haisomwi na yakapitishwa na Bunge hilohilo. Nchi haiwezi kujenga kila kitu siku moja, lazima kuchagua, na ukichagua reli tenki litasubiri.

#13 (mleta uzi)

Mkuu #12 hatutofautiani sana. Reli nimeipanda, ni kitu cha kujivunia na waliopigania wapewe heshima yao. Na umesema neno la msingi, lazima kuchagua. Mimi nataka huo uchaguzi ufanyike hadharani, tukiwa na namba mezani.

Chukua bajeti ya 2024/25, trilioni 49.35. Mapato ya ndani yote, kodi na yasiyo ya kodi na ya halmashauri, yalikadiriwa 34.61. Misaada na mikopo nafuu 5.13. Mikopo ya ndani 6.62. Mikopo ya nje ya masharti ya kibiashara 2.99. Sasa geukia matumizi, kawaida 34.59, maendeleo 14.76.

Mmeona? Mapato ya ndani 34.61, matumizi ya kawaida 34.59. Yaani kila tulichotarajia kukusanya kinatosha kuendesha Serikali na kulipa madeni, imebaki chenji. Na ukijumlisha misaada na mikopo yote unapata 14.74, karibu sawasawa na bajeti nzima ya maendeleo. Sisemi kila daraja limejengwa kwa mkopo, hela inachanganyika na sehemu kubwa ya ile mikopo ya ndani inakwenda kulipa hatifungani zinazoiva, yaani mikopo ya nyuma iliyofika muda wake, lakini picha ya jumla ni hiyo. Ndo maana mkopo ukichelewa, tenki la #8 linasimama. Na deni la Serikali kufikia Machi 2025 lilikuwa trilioni 107.70, kwa hotuba ya Waziri mwenyewe.

Kwa hiyo lengo la kuongeza mapato ya ndani mpaka asilimia 16.7 ya pato la taifa lililowekwa kwa 2025/26, kwangu mimi ndilo lengo kubwa kuliko lile la ukuaji wa 6. Swali ni watapata wapi, kwa kupanua wigo au kwa kuwakamua walewale. Wakipanua, mfano ile hatua ya VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi anayelipa kwa benki au kwa mtandao, hiyo inavuta watu waingie kwenye mfumo, naiunga mkono. Wakikamua walewale tutarudi kwenye tozo.

#14

Mimi ni mwalimu, nimefurahia sana mjadala. Mleta uzi, hivyo vitabu vya bajeti mtu wa kawaida anavisomaje? Nilishajaribu kufungua kimoja nikaona namba tu nikafunga.

#15 (mleta uzi)

Mwalimu swali zuri, nakuelekeza njia ninayoitumia mimi.

Vitabu viko vinne. Cha kwanza ni mapato, cha pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu ni mikoa na halmashauri, cha nne ni maendeleo. Usihangaike na vyote. Chukua Kitabu cha Nne, kipo kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Tafuta fungu la wizara unayoitaka, Kilimo ni Fungu 43, Elimu 46, Maji 49, Afya 52, Ujenzi 98. Ukifika hapo shuka mpaka jina la mradi. Kila mradi una namba yake na mbele yake kuna safu za fedha za ndani na safu za fedha za nje, na ukitazama pembeni utaona nani mfadhili na kama ni mkopo au ruzuku. Mradi ambao hela zake zote ziko kwenye safu ya nje, jua unategemea mtu mwingine asaini. Mradi ambao umewekewa fedha za ndani kidogo sana, labda milioni mia kwa barabara ya kilomita hamsini, jua huo umewekwa ili jina lisipotee tu, mwaka huo hakuna kitakachojengwa, usimwache mbunge aje kujitapa nao kwenye mkutano wa hadhara.

Ukishapata hiyo namba, chukua hotuba ya Waziri ya mwaka unaofuata, tafuta mradi uleule, angalia wanasema umepokea kiasi gani. Hapo sasa una maswali ya kumpelekea mbunge wako, na usimuulize "umetufanyia nini", muulize "mradi namba fulani ulipitishiwa kiasi hiki, umepokea kiasi hiki, ulishika shilingi au hukushika?" Nakuhakikishia mbunge aliyeulizwa hivyo mara moja, safari nyingine akija jimboni anakuja amesoma.

#16

Asante mkuu. Nitakifungua hiki Kitabu cha Nne na wanafunzi wangu wa kidato cha nne, tutaanza na Fungu 46 tuone shule yetu kama iko humo.

#17 (mleta uzi)

Mwalimu hilo ni jambo kubwa. Angalizo moja, madarasa na mabweni ya shule nyingi yako chini ya TAMISEMI, ile ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na halmashauri, kwa hiyo msipoona 46 nendeni kwenye mafungu ya mkoa wenu. Na #8 ukipata nafasi niandikie faragha namba ya mradi wako bila jina lako, niufuatilie kwenye vitabu vya miaka yote miwili. Mapendekezo ya Mpango wa mwaka ujao yakisomwa Novemba nitafungua uzi mwingine siku hiyohiyo, tuyapitie sekta kwa sekta kabla ukomo wa Machi haujatoka.